Mifereji ya Chuma na Meno ya Baba Mkwe

Nilipoolewa Kamachumu nilimkuta mama mkwe wangu akitawala nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa yake, ya nyasi, katikati ya migomba na mibuni. Ya pili ilikuwa nyumba ya misheni, ya mawe, iliyojengwa na Wajerumani kabla Mwingereza hajaja kuitawala nchi. Hiyo hakuna aliyemkabidhi. Alijikabidhi mwenyewe, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na maji.

Kuzunguka paa lake kulikuwa na mifereji ya chuma, minene, myeusi, kila kipande kizito kama ndama. Mvua ikinyesha, mifereji ile iliyakusanya maji na kuyapeleka kwenye tangi kubwa la mawe nyuma ya nyumba, na wanawake wote wa mlima ule, Walutheri kwa Wakatoliki, walichota pale. Bila tangi, chemchemi ilikuwa bondeni, na njia ya kupandia ilikuwa na utelezi wa ajabu. Unaweza kufika juu ukiwa na kata kichwani, mtungi wako umebaki chini unabingirika.

Mwaka huo, vita vya pili vikiwa vimekwisha si zamani, mifereji ilianza kuchoka. Viungo vilivuja, kutu ilikuwa imeshika kama upele, na mvua ikija, maji mengi yaliteremka ukutani na machache ndiyo yaliyofika tangini. Wakubwa wa misheni kule Bukoba walisema ing'olewe, iwekwe ya bati. Mama mkwe alipopata habari hizo alikuwa anamenya ndizi, na kisu hakikusimama.

"Ya bati ile ya shule waliitundika juzi," alisema. "Leo ni chujio. Hii ya chuma ilimkuta bibi yangu. Itengenezwe."

Na kwa vile bati lenyewe lilikuwa adimu baada ya vita, wakubwa wakakubali haraka kuliko walivyozoea kukubali neno la mwanamke. Wakaleta fundi kutoka Rwamishenye.

Kabla sijamleta fundi nimlete kwanza baba mkwe, maana bila yeye hadithi hii ingekuwa ya kutu tu. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa. Zamani alikuwa mtengenezaji wa lubisi mashuhuri. Pombe yake ya ndizi iliwatoa watu hata Kanazi. Kisha akaokoka, na hakuokoka nusunusu. Aliutoa nje ule mtumbwi wake wa mti wa kukamulia ndizi na kuchachushia pombe, akaupasua kwa shoka mbele ya waumini wote, na kuni zake zikachemshia chai ya sherehe. Waliookoka pamoja naye wakafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo upande wetu wa kanisa hakukubaki mtumbwi hata mmoja wa lubisi, na baba mkwe alikuwa akilitaja jambo hilo katika kila sala ndefu. Zote zilikuwa ndefu.

Fundi alifika juu ya lori la kahawa, na gunia la vifaa, na tumbo. Alikuwa Mkatoliki, rozari shingoni, mdomo haufungwi. Aliuzunguka ukuta akigonga mifereji kwa kifundo cha kidole na kuisikiliza.

"Hiki ni chuma cha kalibu," alitutangazia. "Kilimiminwa kikiwa uji. Hakikunjwi, hakipigwi nyundo. Ukikipiga kinakasirika, kinapasuka kama chungu. Mnasikia?"

Tukasema tunasikia. Akaweka ngazi, akapanda vipandio viwili, ngazi ikalia kama mbuzi anayechinjwa. Akashuka.

"Ngazi yenu mbaya," alisema.

"Ngazi yetu nzuri," alisema mama mkwe. "Mpandishe huyu, ni mwepesi." Akaninyooshea kidole mimi.

Mume wangu alikuwa anafundisha shule mbali na nyumbani, na mimi sikuwa bado na mtoto wa kubeba, basi kweli nilikuwa mwepesi. Lakini baba mkwe aliruka. Mkwe wa kike juu ya ngazi! Juu ya vichwa vya wazee! Kwetu mke wa mtoto hamkodolei macho baba mkwe wake, sembuse kumpita juu.

"Basi panda wewe, tata," alisema mama mkwe kwa adabu kubwa, akimwita 'baba' kwa Kihaya.

Baba mkwe aliitazama ngazi. Akalitazama tumbo la fundi. Akatazama tena ngazi. "Mwacheni apande," alisema, na akaenda kukagua kahawa yake.

Ndivyo nilivyojifunza kazi ile. Nilipaka mafuta ya taa kwenye nati zilizogandamana na kutu, nikaziacha zinywe, kisha nikazifungua polepole kwa spana huku fundi akiniimbia chini na kunielekeza kwa fimbo. Vipande tulivishusha kwa kamba. Tulivilaza juu ya magogo ya migomba, tukakwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka mikono yangu ikawa na rangi ya udongo wa Kamachumu. Ndani ya mfereji mmoja nilikuta mabawa ya senene, panzi wetu wa kuliwa, ya miaka sijui mingapi, yamejaa kama makapi. Fundi alisema huo ndio ugonjwa wa mifereji yote duniani: haifi kwa mvua, inafia uchafu. Kwenye viungo tulikandika putii iliyolainishwa kwa mafuta, tukakaza boliti mpya, na kazi ya mwisho ilipaswa kuwa lami kwa ndani na rangi kwa nje.

Kipande kirefu kuliko vyote, kile cha upande wa veranda, boliti yake moja ilikataa. Tuliinywesha mafuta, tukaibembeleza, ikakataa. Fundi aliacha kuimba. Akachukua nyundo.

"Si umesema hakipigwi?" nilimwuliza.

"Nyinyi hamkipigi. Mimi ni fundi."

Akakipiga. Kikapasuka kama chungu, sawasawa kama alivyosema.

Tulisimama tukiutazama ule ufa mrefu kama mkono wangu. Fundi akakohoa, akasema chuma cha Wajerumani kina kiburi. Lakini sitamnyima haki yake: alikwenda kwa mhunzi mmoja njia ya kwenda Muleba, akarudi na bamba jembamba lililofuliwa kwa umbo la tumbo la mfereji. Akatoboa matundu taratibu, akaweka putii, akalibana bamba kwa boliti ndogo. Kisha akaziba ncha zote mbili za mfereji kwa vipande vya mbao na udongo wa mfinyanzi, akaniambia nijaze maji. Tulijaza asubuhi. Hadi jioni halikudondoka hata chozi.

Baba mkwe alikuja kuangalia. Alisimama pale muda mrefu sana kwa mtu asiyependa mifereji. Mfereji mrefu, wenye kina, umezibwa huku na huku, unashika maji bila kuvuja. Aliuzunguka. Akainama, akapitisha kiganja ukingoni, jinsi mtu anavyompapasa ng'ombe aliyewahi kuwa wake.

"Haufai kuanikwa juani," alimwambia fundi. "Putii itapasuka. Uwekwe kivulini. Kule kwenye migomba yangu."

"Kweli kabisa, mzee," alisema fundi, akiutazama mfereji naye.

"Na uachwe na vizibo vyake. Uzoee."

"Uzoee," fundi aliitikia.

"Nitaulinda mwenyewe."

Mama mkwe alikuwa anapita na kikapu. Alisimama. Katika ndoa yao yote mumewe hakuwahi kulinda hata kuku. Aliniangalia tu, nami nikajua kwamba ningekuwa mjinga kuuliza.

Siku iliyofuata fundi alituambia tumbo linamsumbua, kazi isimame kidogo. Baba mkwe naye akasema anakwenda kuomba faraghani migombani na wazee wenzake. Waliondoka pamoja, watu wazima wenye heshima, mmoja amebeba nyasi za kukamulia ndizi chini ya kanzu, na nyasi zinachungulia.

Jioni mama mkwe aliniita twende tukakate majani ya migomba. Tulipita njia ndefu ambayo hatukuwa na haja nayo. Mfereji tuliukuta umefunikwa majani mabichi kwa utaratibu mzuri, na nyuki wameshafika kama wageni waalikwa. Harufu ya ndizi zilizokamuliwa na mtama wa kukaangwa ilitupiga puani. Mama mkwe aliinua jani moja, akachovya kidole, akalamba.

"Bado," alisema. "Kesho mchana."

Alikuwa anataka kufunika alipokitazama kidole chake. Kilikuwa cheusi. Si cheusi cha masizi kinachofutika. Kilikuwa cheusi cha wino. Alikifuta kwenye jani, hakikufutika. Akatazama ndani ya mfereji, nami nikatazama. Mtumbwi wa mti huacha lubisi na rangi yake ya udongo. Hii ilikuwa inakwenda kuwa kama kahawa iliyoungua, kwa sababu lami hatukuwa tumeipaka bado, chuma kilikuwa uchi, na ndizi pamoja na mtama vilikuwa vinakitafuna. Kila mwanamke aliyewahi kumenya ndizi kwa kisu cha chuma anajua mikono inavyokuwa. Wanaume hawakuwahi kumenya ndizi.

Mama mkwe alikaa chini. Nilidhani ameumwa. Alikuwa anacheka, bila sauti, kitenge mdomoni, machozi yanamtoka.

"Mama, tuwaambie?" niliuliza.

"Tuwaambie nini? Wako kwenye maombi." Akafunika jani, akalinyoosha lilivyokuwa. "Tusiwaharibie wenzetu."

Walikunywa Jumamosi mchana. Sisi tulikuwa jikoni, na upepo ulituletea sauti zao: kwanza mazungumzo, kisha mabishano ya kirafiki juu ya nani alikuwa mcheza ngoma bora ujanani, kisha wimbo wa Kihaya ambao haumo katika kitabu chochote cha kanisa. Rangi waliiona, bila shaka. Baadaye fundi alinieleza kwamba baba mkwe aliionja, akafumba macho, akasema kwamba Mungu haangalii sura ya nje.

Jumapili alfajiri niliamshwa na sauti ya mtu anasugua. Baba mkwe alikuwa nyuma ya nyumba, anasugua meno kwa majivu. Akasugua kwa mchanga. Akasugua kwa mkaa, ambao mtu mwenye utulivu asingeuchagua. Niligeuza uso kama adabu inavyotaka, lakini nilikuwa nimekwisha kuona: meno, ufizi na ulimi, vyote kama ndani ya chungu.

Alikwenda kanisani amefunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini. Jino, alituonyesha kwa ishara. Linauma. Hawezi kusema.

"Pole sana, tata," alisema mama mkwe. "Na leo ndiyo zamu yako ya kusoma Neno."

Tulipoingia, upande wa wanaume niliona kitambaa kingine. Halafu kingine. Wazee wenye vyeo, wamefungwa mataya kama mizigo ya posta. Mmoja hakupata kitambaa, amefunika mdomo kwa kofia yake. Mchungaji alitangaza wimbo, na upande ule ukaimba kwa pua. Ilipofika zamu ya kusoma, baba mkwe akatikisa kichwa kwa huzuni na kuonyesha shavu. Akaitwa wa pili. Naye akaonyesha shavu. Mwishowe alisoma mwalimu wa watoto, na wanawake wote tulikuwa tumeinamisha vichwa. Mgeni angesema ni watu wa sala sana.

Sasa, misheni ilikuwa na muuguzi mzungu, mwanamke mrefu, mwenye miguu mikubwa na moyo mkubwa, aliyependa kung'oa meno kuliko kazi zote za zahanati. Kuona vitambaa vile, alitoka katikati ya mahubiri. Tulipotoka kanisani tulimkuta uani, benchi limewekwa, beseni limewekwa, na koleo mkononi.

"Wazee wa meno waje huku!" aliita kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. "Mzee wa kanisa kwanza."

Baba mkwe alirudi nyuma. Waumini wakamsukuma mbele kwa upendo. Alitikisa kichwa, akatikisa mikono, akaonyesha kwamba jino limepona ghafla. Muuguzi alikuwa amezoea woga wa namna hiyo. Alimkalisha, akafungua kitambaa, akamshika kidevu.

"Fungua."

Hakufungua.

"Mfungulie mama wa watu," alisema mama mkwe kwa sauti ya huruma iliyofika mpaka barabarani. "Asije akakuvunja taya, tata."

Akafungua.

Watoto waliokuwa mbele walipiga kelele. Muuguzi naye alishtuka, koleo likamponyoka, akauliza kwa lugha yake kitu ambacho sikukielewa. Akaagiza wengine nao wafungue. Wakafungua, mmoja baada ya mwingine, mstari mzima wa vyungu. Nikasikia anataja neno la kuwatenga, pengine ugonjwa mpya umeletwa na meli. Kisha akainama tena karibu na mdomo wa baba mkwe, ili achunguze vizuri, na nikaona pua yake inafanya kazi. Alinyooka polepole. Akatutazama sisi wanawake, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa mama mkwe wangu, ambaye alikuwa anatazama mawingu.

"Mama," alisema muuguzi, "ugonjwa huu unaujua?"

"Naujua, Sista. Ni ugonjwa wa chuma. Unawapata wanaokaa karibu mno na mifereji."

"Na dawa yake?"

"Jasho," alisema mama mkwe. "Lazima watoke jasho jingi. Zamani mgonjwa alibebeshwa maji kutoka bondeni. Asubuhi na jioni."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mifereji itakaporudi juu."

Muuguzi alifikiri, au alijifanya kufikiri, akiwa ameuma midomo yake. "Ni dawa nzuri," alisema hatimaye. "Naiagiza. Wote. Na yule fundi pia."

Ndipo Kamachumu ikaona jambo ambalo haikuwa imeliona: wazee wa kanisa wanapanda kutoka chemchemini na madebe yananing'inia kwenye miti mabegani, wanateleza, wanalaumiana, maji nusu yanawarudia viatuni. Watu walitoka vijiji vya jirani kuja kuangalia, wakisema wamekuja kununua chumvi. Baba mkwe alibeba debe lake kwa hasira ya kimya kimya. Mara moja alitua katikati ya mteremko, akautazama mlima, akaniuliza mimi niliyekuwa napita na jembe, bila kunitazama kama desturi inavyotaka:

"Na nyinyi mlikuwa mnafanya hivi kila siku?"

"Mvua isiponyesha, tata."

Jioni ile alimwendea fundi na kumwambia mifereji irudi juu upesi, na yeye mwenyewe akashika brashi.

Kile kipande kirefu tulipokwenda kukichukua migombani, fundi aliingiza mkono ndani akapapasa. Pale palipokuwa na kutu iliyoshinda brashi yangu ya waya, sasa palikuwa safi, chuma kijivu, laini.

"Angalieni," alisema. "Lubisi imekwangua kuliko sisi. Mzee, kwa nini tusivifanye na vipande vingine vyote namna hii?"

Baba mkwe alimtazama kwa muda, na niliona kabisa kwamba anapigana na shetani. Kisha akasema, "Leta lami."

Tulipaka lami kwa moto, ndani mpaka kila kona, tukarudisha vipande juu kimoja kimoja. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, wazee wakivuta kamba, na hakuna aliyekumbuka kulalamika kwamba mkwe yuko juu ya vichwa vyao. Fundi hakugusa nyundo. Alipoona boliti ngumu aliibembeleza kama mtoto.

Jumapili iliyofuata baba mkwe alisimama kanisani kutubu, kama ilivyokuwa kawaida ya waliookoka. Alikuwa mtu wa kufanya mambo kwa ukamilifu. Alieleza jinsi walivyochagua ndizi, zipi zilikuwa zimeiva barabara. Akaeleza jinsi walivyokaanga mtama, usiungue, ubaki na harufu tu. Akaeleza kiasi cha maji, na jinsi povu lilivyoinuka polepole, na lile tone la kwanza lilivyokaa ulimini, tamu, chachu kwa mbali. Kila upande wa kanisa nikasikia watu wanameza mate. Mchungaji akainuka haraka akasema, "Amina, mzee, Bwana amekwisha kukusamehe," akamkalisha.

Mvua ilikuja wiki ile, kutoka ziwani kama kawaida, kwanza giza halafu kishindo. Wanawake tulikimbilia kwenye veranda ya nyumba ya misheni bila kuitana. Maji yaligonga paa, yakaingia mifereji, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe sikuona hata uzi mmoja ukiteremka ukutani. Yalipita juu yetu yakinguruma, yakageuka kona, na tukayasikia yakiingia tangini. Muuguzi alitoka chumbani kwake na kikombe cha chai akasimama nasi. Mama mkwe aliweka sikio ukutani, anahesabu viungo kwa kusikiliza, na alipofika mwisho akasema, "Hakuna kinachovuja," kwa sauti ya mtu aliyetarajia kugomba na amenyimwa nafasi.

Maji ya siku za kwanza yalinuka lami. Tulipopika ndizi, ndizi zilinuka lami. Chai ilinuka lami. Wageni walipouliza, mama mkwe aliwajibu kwamba ni dawa ya kifua, na wawili walirudi kuomba zaidi.